Kishamba Kisichotiwa Samadi

…na mwaka, ili hesabu isianze na kosa, ni elfu moja mia tisa sitini na nane, mwezi wa Aprili, na hali ya hewa ni ya kuchukiza, mvua imenyesha Tororo tangu alfajiri na sasa imekatika bila kutuachia ubaridi wowote, imeacha mvuke tu, mvuke unaopanda kutoka kwenye saruji ya veranda hii ya hospitali ukiwa na harufu ya dawa ya kudekia, maganda ya ndizi na viatu vilivyolowa, na muuguzi amesimama mlangoni, amelitamka jina, "Opolot," amelitamka mara moja, wazi kabisa, na hakuna aliyesimama, kwa sababu Opolot mwenyewe, aliyeketi kushoto kwangu na kopo la kutemea mate katikati ya miguu yake, anautazama Mwamba wa Tororo kana kwamba umeota jana, na kulia kwangu ameketi mwanangu Luke, na mkono wangu wa kulia umelala juu ya goti lake, na goti linatetemeka, na tulichokubaliana ni kwamba nikiuinua mkono huu Luke atasimama aitikie jina ambalo si lake, na nisipouinua atakaa alivyokaa… mkono tu, wakia chache za nyama na mfupa, na mimi niliyezoea kupima kila kitu sikuwahi kupima uzito wa mkono wangu mwenyewe… "Opolot iko wapi?" muuguzi anauliza, hatuulizi sisi, anaiuliza karatasi yake, ni mgeni, jina lake ni Teopista, ametoka Kampala asubuhi hii na daktari ambaye naye ni mgeni, wale wa kwanza waliozijua nyuso zetu wamehamishwa wote kwa mkupuo, tulitangaziwa mapema, muuguzi Norah aliyekuwa akimwita Luke "shemeji" ili acheke amepelekwa mbali, na hao wapya hawamjui mtu, wanajua majina na namba, na ndiyo maana jambo hili linawezekana leo na halikuwezekana majuma mawili yaliyopita… linawezekana, neno la kuchukiza hilo, kila uchafu duniani ulianza kwa kuwezekana. Opolot anatema mate kwenye kopo. Mate yake ni mazito na yanavutika kama uzi, nayasikia yakigonga bati, nimekaa na wagonjwa hawa tangu Februari na bado sijauzoea mwili wa binadamu unavyovuja, ufizi wa Luke unatoka damu usiku na asubuhi pumzi yake inanuka chuma na kitu kilichooza, na mimi baba yake huugeuza uso wangu kidogo, kidogo tu, nikijifanya naangalia dirishani, na yeye huona, na husema, "Samahani, Baba," kana kwamba amenikanyaga… samahani ya nini, mwanangu, na mimi nashika kitambaa. Majaribio yenyewe hayana fumbo lolote, nimeyaeleza kwa kila aliyeniuliza, kwa mchungaji, kwa shemeji zangu, kwa karani wa posta, watu ishirini na wawili wenye saratani ya damu, ile ya haraka, isiyomngoja mtu avune alichopanda, kumi na mmoja wanapewa vidonge vya siku zote na damu ya kuongezewa, kumi na mmoja wanapewa vidonge vilevile na damu ileile na juu yake dawa mpya inayopitishwa kwenye mshipa, dawa nyekundu kama maji ya zambarau, na nani apate nini hakuamui daktari wala jamaa wala Mungu kwa namna ya kuonekana, huamua bahasha iliyofungwa, inayochukuliwa kwa zamu kutoka kwenye rundo lililochanganywa mjini, na bahasha ya Luke ilipofunguliwa ilisema vidonge, na ya Opolot ikasema nyekundu. Ni mimi niliyeyatafuta majaribio haya, hakuna aliyenitafuta mimi, daktari wa wilaya alikuwa ameniambia kwa sauti ya mtu anayefunga duka kwamba nimrudishe kijana nyumbani Busia apumzike, apumzike, kijana wa miaka ishirini na minne, karani wa reli, ati apumzike, nikaandika Kampala, nikaandika Nairobi, nikaandika kwa mwenzangu tuliyesoma naye Makerere ambaye mkwewe ni tabibu, nikaazima majarida ya kitabibu nikayasoma na kamusi pembeni, mpaka nikajua kwamba yuko daktari anayekuja hapa Tororo na sanduku la barafu na kwamba anatafuta watu wa namna ya Luke, na masharti yake, na siku zake, nikamleta, wakamtoboa mfupa wa nyonga kuvuta uboho, nilisimama pale nikausikia mfupa, sikuwahi kujua kwamba mfupa una sauti… na nikaweka sahihi chini ya sahihi yake, na nikamweleza kwa utaratibu, kama nilivyokuwa nikiwaeleza wakulima, kwamba hakuna ajuaye dawa ipi ni bora, kama wangejua wasingejaribu, na kwamba kuwa katika kundi la vidonge si kutupwa, ni kuwa kipimo, bila kipimo hakuna habari. Luke akasema, "Kwa hiyo mimi ni kishamba cha kulinganishia." Akacheka, na meno yake yalikuwa mekundu. Mtoto wa Bwana Shamba, amekua akiyasikia hayo mezani. Vishamba, ndiyo, miaka ishirini na miwili ya utumishi wangu ilikuwa vishamba, pamba na mahindi na wimbi, kishamba kimoja na mbolea, kimoja na samadi, kimoja bila kitu, vikipangwa kwa kura ili ardhi nzuri na ardhi mbaya zigawanywe bila upendeleo, nilipelekwa Uingereza mwaka mzima kujifunza kupanga kura tu, watu walicheka, Ulaya yote ile na wewe umesomea bahati nasibu, na nikarudi nikapima vishamba Mwello, nikapima Petta, nikapima Kwapa… Kwapa. Hapana, si sasa. "Namba kumi na saba," anasema Teopista, "Opolot, namba kumi na saba, jamani, mnasikia?" na mama mmoja mwishoni mwa benchi anasema, "Sista, labda ameenda chooni," na watu wanacheka kidogo, kwa sababu kila mtu hapa anajua habari ya choo, wale wa dawa nyekundu hukojoa mkojo mwekundu siku hiyo na kesho yake, ndivyo tulivyotambuana nani ni nani bila mtu kutuambia, daktari na bahasha zake na siri yake, na choo cha shimo kikatangaza yote, na aibu yangu kubwa kuliko zote, nisiyomwambia hata Kevina mke wangu, ni kwamba siku ya pili nilimfuata Opolot nyuma ya choo nikasimama nikitazama mkojo wake, mimi, mtu wa heshima zangu, mzee wa kanisa, nimefika mahali pa kumwonea mwanamume wivu kwa rangi ya mkojo… na yeye aligeuka akaniona, hakukasirika, akafunga vifungo vyake na kusema, "Bwana Shamba, wewe nataka hii kitu kwa kijana yako, si ndiyo?" Ni dalali wa ng'ombe, wa Amukura kule upande wa Kenya, mtu wa kununua Malaba asubuhi na kuuza Busia jioni, huongea Kiteso kwa wazee, Kisamia kwa wanawake na Kiswahili kwa yeyote mwenye mnyama, na alikuwa mnene zamani, sasa ngozi inamning'inia shingoni kama ya fahali aliyekosa majani, nywele zimemtoka kwa mafungu, na hutapika, hutapika mpaka nyongo, hutapika njiani, hutapika kwenye kofia yake. "Mimi sitaki tena," alisema. "Ile nyekundu naniua mbele ya ugonjwa. Kijana yako anameza vidonge, anakwenda nyumbani anakula ugali. Sasa shida iko wapi? Sisi nabadilishana. Dume kwa dume, hapana nyongeza." Nikamwambia, "Opolot, dawa si ng'ombe." "Hata ng'ombe si ng'ombe mpaka watu wawili wakubaliane." "Na jina?" "Jina?" Akacheka mpaka akakohoa. "Bwana Shamba, wewe nasoma mpaka wapi hujui jina? Mimi nalipa kodi Kenya na jina moja, nalipa Uganda na jina lingine, watoza kodi wote nafurahi. Jina ni shati. Nakupatia, kijana anavaa, jioni anarudisha." Kisha akafikiri, akasema kwa upole, "Lakini asikufe ndani yake. Mke wangu atapata shida kuzika." Nilichukizwa. Niseme ukweli, nilichukizwa na nikaondoka bila kumuaga, nikaenda kuosha mikono, na nilipokuwa naosha nilikuwa tayari nimeanza kuhesabu, wana umri gani, yule ni thelathini na ngapi, wanalingana urefu, wote Wateso, kijana mwembamba na mnene aliyekonda, kwa mtu wa Kampala asiyemjua yeyote… na jioni nikamwambia Luke, nikitaraji atakataa, nadhani nilitaraji hivyo, na akasema, "Wewe ndiye unayejua hesabu, Baba. Ukisema nisimame, nitasimama." Mzigo wote akanirudishia, kwa adabu, kama mtoto anayempa mzazi sahani kwa mikono miwili. Na Kevina, aliyekuwa akipepeta wimbi, hakuinua uso, alisema tu, "Nyinyi wenye elimu mmempigia mtoto wangu kura kama askari walivyoipigia kura kanzu ya Bwana. Sasa unaniuliza mimi?" Sikuwa nimemwuliza. Teopista sasa anagombana na mfagizi, ndoo imewekwa mlangoni, sanduku la barafu halipiti, "Toa hii, ssebo, bwana wangu, toa," na maji machafu yanamwagika na kutiririka kuelekea kwetu, povu la kijivu lenye nywele ndani yake, nywele za nani, na wote tunainua miguu, Opolot anainua kopo lake, Luke anainua miguu yote miwili kama mtoto na kwa hiyo goti lake linausukuma mkono wangu juu, naukandamiza tena haraka, bado, nilimaanisha bado, na ananitazama… Tuhesabu basi, tuhesabu kwa utulivu kama watu. Mama Nangila wa Bungoma alipata nyekundu, hakuja tena. Mzee Oguttu alipata vidonge, naye hakuja tena. Mmoja huku, mmoja kule, haisemi kitu. Opolot ana nyekundu na yuko hai na anatapika, Luke ana vidonge na yuko hai na anavuja damu, haisemi kitu pia. Kwa yote ninayoyajua, na ninayajua yote yanayoweza kujulikana kwenye benchi hili, uwezekano wa nyekundu kumponya mwanangu na uwezekano wa kumwua upesi zaidi siwezi kuutenganisha, niliweka sahihi juu ya hilo, nililisema kwa kinywa changu, hakuna ajuaye. Basi kwa nini naitaka? Siitaki kwa sababu ni bora. Naitaka kwa sababu ilikuwepo, ilikuwa ndani ya sanduku lilelile, kwenye barafu ileile, na ikampita mwanangu ikaenda kwa mwingine. Hilo si hesabu. Hilo ni kijicho cha mtoto mbele ya sufuria, na nilifikiri nimekiacha kabla sijavaa suruali ndefu. Kwapa, haya, ije, imekuwa ikigonga tangu asubuhi. Kwapa nilikuwa na vishamba kwa mkulima Ojulong na kwa jirani yake, pamba, msimu ule mvua ilikuwa nzuri, na kishamba kisichotiwa kitu cha Ojulong kilikuwa kando ya njia, kimedumaa na kugeuka manjano kama kilivyotakiwa, na siku moja nafika nakuta pamba inafika kiunoni, nyeusi kwa afya, na harufu, harufu ya samadi ya ng'ombe mbichi iliyoanikwa juani, nikavua kofia, nikauliza nani, na Ojulong akaangalia vidole vyake vya miguu, na ni mkewe, Ariokot, aliyejibu, mwanamke mrefu mwenye pengo, kwamba alikuwa amepika pombe ya wimbi, amewaita majirani kupalilia kwa zamu kama desturi ilivyo, wakapalilia, wakanywa kwa mirija, na jua lilipopoa wakakitazama kile kishamba, na mtu mmoja akasema, haki, hiki nacho, na wakachukua vikapu wakasomba samadi kutoka zizini wakakimwagia, na kwa kuwa walikuwa wameshafurahi wakaenda wakakimwagia na cha jirani. "Watu wa kanisa wanapita hapo Jumapili, Bwana Shamba," alisema. "Wanasema Ojulong amelogwa. Tena kile kinatuangalia. Unapita na samadi unapeleka kwa kingine, na chenyewe kinakuangalia." Kinawaangalia, nilisema, pamba inawaangalia, na nikawaambia kwa ukali walichokiharibu, kwa sababu kishamba kimoja kikipotea unaweza kukikadiria kutoka kwa majirani zake, iko kanuni yake, nimeifundisha, lakini viwili vikichafuliwa kwa siri huna kanuni, hujui tena kipi kinasema kweli, unatupa msimu wote, na nikautupa, vishamba vyote, jasho la kila mkulima wa tarafa ile aliyepanda kwa mstari kama nilivyomwambia, na nikawaambia, mmewala wenzenu, na niliondoka kwa baiskeli nikiwa na chuki iliyonifikisha Tororo bila kuchoka, na nilikuwa sahihi, bado ni sahihi, sijutii neno hata moja, ningelisema tena… "Opolot," anasema Teopista tena, amemaliza na ndoo, sauti imeanza kukauka, "kama hakuna, naita mwingine, daktari hana siku nzima," na Opolot, bila kugeuza kichwa, anasema kwa sauti ya chini ya watu wa mnadani, "Bwana Shamba. Soko nafunga." Na mimi naangalia mlango, nyuma ya muuguzi naona meza na juu ya meza sindano imekwisha kuvutwa, imelala kwenye kisahani cheupe, nyekundu, hakika ni rangi nzuri, na Luke naye ameiona, najua ameiona kwa sababu goti limeacha kutetemeka, na sasa anafanya jambo ambalo sikulitaraji, hanitazami mimi, anamtazama Opolot, na anamwuliza, "Kaka, inauma ikiingia?" na Opolot anajibu, "Inaingia baridi. Halafu unasikia kama umemeza senti." "Nitaizoea," anasema Luke. Nitaizoea. Hajaniuliza. Hajasema nataka wala sitaki, ameshaanza kuivaa kama shati, na ninaugeuza uso wangu kwake kwa mara ya kwanza leo bila kusogea nyuma, na pumzi yake inanifikia, chuma, uozo, na naiacha inifikie, na ananiangalia. Ananiangalia. Ehe, Ariokot. Ilikuwa hivi. Haikuwa watu wa kanisa, ilikuwa kule kuangaliwa. Ningeweza kukuambia sasa, pale penye zizi, mbele ya mumeo na vidole vyake, kwamba ulikosea, na ulikosea, mama, uliwala wenzako, na mimi nimekuelewa, na kuelewa hakukupunguzii kosa hata punje, na ndilo linalonichukiza kuliko kopo na povu na choo, kwamba nilidhani uchafu ni wa wasiojua, na mimi najua, najua kila hatua ya hesabu hii mpaka mwisho wake. Luke akisimama atakuwa kishamba kimoja kilichoandikwa uongo, na Opolot akiitika jina la Luke atakuwa cha pili, na daktari huyu mgeni ataandika kwa kalamu nzuri, atajumlisha, atagawanya, atapeleka mjini, na watapima, na namba zitasema jambo, kwa sauti ya uhakika, na hakuna mtu atakayeisikia harufu ya samadi isipokuwa mimi. Mama yule mwishoni mwa benchi amejifunika kanga, anaomba au analala, naye ni mmoja wao, alitobolewa mfupa kama mwanangu, Oguttu alitobolewa, Nangila alitapika mpaka mwisho akiamini kwamba kutapika kwake kunamwambia mtu kitu. Muuguzi anavuta pumzi ili aite mara ya mwisho. Jina liko mdomoni mwake, maji ya povu yamefika kwenye viatu vyangu, Opolot anautazama Mwamba, mvuke unapanda, kila kitu kipo kama kilivyokuwa, isipokuwa chini ya kiganja changu, pale palipokuwa na goti, naona pana upepo, kidogo, unene wa karatasi, sikumbuki kuuinua mkono… viwili vikichafuliwa hukadirii, unatupa msimu, kanuni ni yangu, nimeifundisha mwenyewe, na gharama ya yote, nikiijumlisha, ni watu ishirini na wawili.